Ripoti moja, kila meneja aone tawi lake tu: jinsi ya kufunga data kwenye Power BI

Hili swali linarudi kila siku kwa watu wanaotengeneza ripoti maofisini. Kampuni ina matawi, tuseme Dar, Mwanza, Arusha na Mbeya, bosi anataka ripoti moja ya mauzo, anataka meneja wa Mwanza akiifungua aone Mwanza tu, wa Arusha aone Arusha tu, alafu yeye na mhasibu mkuu waone vyote. Wengi wanaishia kutengeneza ripoti nne, moja kila tawi, na baada ya muda zinaanza kupishana maana umerekebisha fomula kwenye moja ukasahau zile tatu, na likifunguliwa tawi la tano kazi inaanza upya. Hamna haja ya kuteseka hivyo. Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, ina kitu kinaitwa Row-Level Security, watu wamezoea kuiita RLS, ripoti inabaki moja, data inabaki moja, ila kila anayeingia anaona mistari yake tu kulingana na imeili aliyoingia nayo.

Kabla ya kugusa chochote, kuna jambo moja nataka likae kichwani kwako maana ndo chanzo cha data nyingi kuvuja: kuficha sio kufunga. Ukiweka filta kwenye ukurasa ukaificha, ukificha ukurasa wenyewe, ukificha kolamu ya mishahara isionekane kwenye orodha ya kulia, hayo yote ni pazia na sio kufuli. Data yenyewe bado iko pale nyuma, na mtu aliyepewa ruhusa ya kujenga ripoti zake juu ya modeli yako (yaani majedwali na fomula zilizo nyuma ya ripoti), ile "Build", anaiunganisha na Excel anavuta kila kitu mpaka zile kolamu ulizoficha. Kwenye Excel ya kawaida ndo balaa zaidi. Unachukua pivoti, unaichuja ibaki Arusha, unafuta ile shiti yenye data, unatuma faili kwenye grupu la WhatsApp ukiamini umemaliza. Pivoti inatembea na nakala ya data yote tumboni mwake, aliyepokea akiondoa filta anaona Mwanza na Dar, na akibonyeza mara mbili kwenye jumla mistari yote inamwagika kwenye shiti mpya. Kwaiyo kufuli lazima likae kwenye modeli, sio kwenye sura ya ripoti.

Alafu hili sio suala la siri za biashara tu. Ripoti za mauzo mara nyingi zina majina ya wateja, namba za simu, madeni yao. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, na kama mteja wa Mbeya deni lake linasomwa na watu wa matawi matatu wasiohusika nae kabisa, hapo una la kujibu.

Andaa majedwali kwanza

Usikimbilie kubonyeza vitufe, kazi kubwa iko kwenye majedwali. Unahitaji matatu. La kwanza Mauzo, lile refu lenye kila risiti, na ndani yake kuna kodi ya tawi, yaani "code", kifupi cha kulitambua tawi, sio kodi ya kulipa. La pili Matawi, kila tawi mstari mmoja, kodi na jina. Haya mawili unayaunganisha kwa kodi, Matawi upande wa moja, Mauzo upande wa wengi, ili filta ikikaa kwenye Matawi ishuke yenyewe mpaka kwenye Mauzo. La tatu liite Ruhusa, lina kolamu mbili tu, Barua na KodiTawi. Meneja wa Mwanza ana mstari mmoja, meneja wa kanda anayesimamia Arusha na Mwanza ana mistari miwili, ndo basi.

Kwenye Barua weka imeili ile anayoingilia Power BI, sio ile anayoipenda. Kuna ofisi mtu anaingia kwa anwani moja na barua pepe zake zinafika kwenye nyingine, ukiweka hii ya pili atafungua ripoti akute patupu. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, DAX, ile lugha ya fomula ya Power BI, haizitofautishi, ila nafasi inasumbua sana: mtu kakopi imeili kutoka mahali ikaja na nafasi kabla ya herufi ya kwanza, kwa macho huioni, na mfumo unaona ni mtu mwingine kabisa. Pitisha kolamu hiyo kwenye "Trim" ndani ya Power Query, sehemu ya kusafisha data, usahau. Kodi za matawi nazo zifanane pande zote, kama kwenye Mauzo kuna "MZA" na kwenye Matawi umeandika "MWZ", yale mauzo meneja hatayaona na atakuja kukulalamikia kwamba ripoti ni ya uongo, na atakuwa na haki.

Jedwali la Ruhusa likae wapi? Kama mna SharePoint weka orodha pale, au faili la Excel kwenye folda ambayo wanaoweza kuhariri ni wawili watatu. Hapa kuwa mkali, kwa sababu yeyote anayeweza kuhariri hilo faili ndo mwenye funguo za data yote, anajiongezea mstari mmoja jioni, asubuhi anaona kampuni nzima. Nimeona watu wanafunga modeli vizuri kabisa, faili la ruhusa wanaliacha kwenye folda ya wote.

Sasa jukumu lenyewe

Fungua Power BI Desktop, nenda "Modeling", bonyeza "Manage roles". Jukumu ni kanuni inayosema aliyewekwa humo aone mistari gani. Tengeneza jukumu jipya, liite Meneja. Kuna njia rahisi ambayo mafunzo mengi yanaanza nayo, unachagua jedwali la Matawi unaandika

[JinaTawi] = "Mwanza"

alafu unatengeneza jukumu lingine la Arusha, lingine la Dar. Inafanya kazi, na kama mna matawi mawili ambayo hayatabadilika maishani itumie tu. Ila kwa kampuni inayokua siishauri, ni yale yale ya ripoti nne yamehamia mahali pengine. Fanya jukumu moja linalomuuliza mtu ni nani. Chagua Matawi, hamia kwenye uwanja wa kuandika DAX kwa kubonyeza "Switch to DAX editor", andika hivi:

[KodiTawi] IN SELECTCOLUMNS ( FILTER ( Ruhusa, Ruhusa[Barua] = USERPRINCIPALNAME() ), "Kodi", Ruhusa[KodiTawi] )

Maana yake: chukua jedwali la Ruhusa, baki na mistari yenye imeili ya huyu aliyeingia sasa hivi, toa kodi za matawi yake, na matawi yatakayoonekana ni hayo tu. Ukishahifadhi usiondoke, chagua na jedwali la Ruhusa lenyewe kwenye jukumu hilo hilo uweke

[Barua] = USERPRINCIPALNAME()

Hii watu wanairuka. Usipoiweka, mtu mwenye "Build" anaweza kulisoma jedwali la Ruhusa lote akajua nani anaona nini kwenye kampuni nzima.

Utakuta sehemu nyingine wanatumia USERNAME() badala ya USERPRINCIPALNAME(). Achana nayo. USERNAME() ukiwa kwenye kompyuta yako inaweza kurudisha jina la mtindo wa KAMPUNI\jina, ukipandisha mtandaoni inarudisha imeili, kwaiyo unajaribu nyumbani inakupa hivi ukipablishi inakupa vile. USERPRINCIPALNAME() inarudisha imeili kote kote.

Kuna wanaounganisha Ruhusa na Matawi kwa mshale wa pande mbili na kuweka tiki "Apply security filter in both directions" kwenye uhusiano. Nayo ni njia halali na inafanya kazi, na wengi ndo wanafundisha hivyo. Mimi naona kwa modeli yenye majedwali mengi ile mishale ya pande mbili inakuja kukuletea njia mbili za filta kufika sehemu moja, alafu unatafuta kosa usilione, kwaiyo bora Ruhusa ikae pembeni haijaunganishwa na kitu na fomula ifanye kazi. Na filta iweke kwenye jedwali dogo la Matawi, usiiweke kwenye Mauzo. Matawi ina mistari minne, Mauzo inaweza kuwa na milioni kadhaa, ripoti itakuwa nzito bila sababu.

Bosi na mhasibu mkuu watengenezee jukumu la pili, liite Wote, usiliwekee filta yoyote. Kumbuka tu kwamba majukumu yanajumlishana, hayapunguzani: mtu akiwa Meneja na papo hapo yuko Wote, anaona vyote. Ukishangaa kwanini fulani anaona zaidi ya tawi lake, angalia kwanza kama yuko kwenye majukumu mawili.

Kama kampuni ina ngazi, msimamizi ana mameneja, mameneja wana maafisa mauzo, na kila mtu anatakiwa aone yake na ya walio chini yake, DAX ina PATH na PATHCONTAINS. Kwenye jedwali la Wafanyakazi lenye namba ya mtu na namba ya bosi wake unaongeza kolamu Njia = PATH ( Wafanyakazi[Namba], Wafanyakazi[NambaBosi] ), alafu filta ya jukumu inakuwa

PATHCONTAINS ( [Njia], LOOKUPVALUE ( Wafanyakazi[Namba], Wafanyakazi[Barua], USERPRINCIPALNAME() ) )

na ngazi zote zinajipanga zenyewe, ukihamisha mtu unabadilisha namba ya bosi wake tu.

Jaribu kabla ya kupablishi

Bado uko Desktop, bonyeza "View as", weka tiki mbili: "Other user" uandike imeili ya meneja wa Mwanza, na tiki ya pili kwenye jukumu la Meneja. Ukiweka moja tu majaribio yako hayana maana, kuna watu wanaandika imeili wanasahau jukumu wanaona data yote wanadhani fomula imekataa. Pitia kila ukurasa. Jaribu na imeili ambayo haipo kabisa kwenye Ruhusa, hapo unatakiwa uone patupu. Ukiona chochote chenye namba za mauzo, ujue kuna jedwali limejitenga halipitiwi na filta, labda jedwali la Malengo ambalo hujaliunganisha na Matawi, na malengo ya kila tawi yanasomwa na kila mtu.

Ukiridhika pablishi. Ila kupablishi peke yake hakujamuweka mtu yeyote kwenye jukumu. Nenda kwenye Power BI ya mtandaoni, tafuta modeli, sio ripoti, bonyeza vidoti vitatu, chagua "Security". Hapo unaona majukumu yako, unaongeza watu. Nakushauri usiongeze mtu mmoja mmoja, mwambie mtu wa IT atengeneze kundi la usalama la mameneja wote kwenye Entra ID, ule mfumo wa akaunti wa Microsoft, uliweke hilo kundi kwenye jukumu la Meneja, na jedwali la Ruhusa ndo liamue nani anaona wapi. Makundi ya Microsoft 365, yale yanayozaliwa na Teams, hayakubaliki hapo, kwaiyo usipoteze muda kuyatafuta kwenye orodha. Karibu na jina la jukumu kuna vidoti vingine vyenye "Test as role", jaribu tena hapo, maana huku ndo mazingira halisi.

Kama una watu wa nje, mfano msambazaji ambaye sio mfanyakazi wenu mmemualika kama mgeni, imeili yake inaweza kusomeka tofauti na unavyoijua, yenye "#EXT#" katikati. Tengeneza kipimo kidogo ("measure") chenye fomula USERPRINCIPALNAME() tu, kiweke kwenye kadi kwenye ukurasa wa majaribio, mwambie afungue akutumie skrinshoti, alafu unakopi kile kile kilichotokea unakiweka kwenye Ruhusa. Kadi hiyo inaokoa muda hata kwa watu wa ndani.

Hapa ndo watu wengi wanapigwa

Umefanya kila kitu sawa, majaribio yamepita, alafu meneja wa Arusha anakwambia naona matawi yote. Asilimia kubwa tatizo ni hili: kwenye eneo la kazi, ile Workspace, umempa cheo cha Admin, Member au Contributor. RLS inamfunga Viewer tu. Hao watatu wengine wana haki ya kuhariri, na mwenye haki ya kuhariri hafungwi na jukumu lolote hata umuweke kwenye majukumu kumi. Na inatokea kwa urahisi sana, mtu kaomba aingie ripoti, uko bize, unamuongeza haraka kama Member ili asisumbue tena. Mameneja wawe Viewer, au bora zaidi usiwaingize kwenye eneo la kazi kabisa, wape App, yaani ripoti iliyofungashwa kwa ajili ya wasomaji, eneo la kazi libaki la watengenezaji.

Kinyume chake nacho kipo. Meneja anafungua anakuta grafu zote zinaleta kosa, hazifunguki: huyo hayupo kwenye jukumu lolote, umemshirikisha ripoti ukasahau "Security". Akifungua grafu zikawepo lakini tupu, huyo yuko kwenye jukumu ila kwenye Ruhusa hayupo au imeili yake ina kasoro. Ukijua tofauti ya hizi mbili hutahangaika kutafuta kosa.

Faili la .pbix, lile la Desktop lenyewe, usilitume kwa mtu ambaye hatakiwi kuona vyote. Kama data imeingizwa ndani, mwenye faili anaifungua Desktop na anaona kila mstari, majukumu hapo hayamzuii. Meneja akitaka kuchezea namba zake kwenye Excel muonyeshe "Analyze in Excel", inaunganisha Excel yake moja kwa moja na modeli na anaendelea kuona tawi lake tu hata akiwa na "Build". Hiyo ndo mbadala wa kutumiana mafaili. "Publish to web" isahau kabisa kwa ripoti ya namna hii, ile ni ya kuweka data kwa dunia nzima na haikubali ripoti zenye RLS.

Na zile barua za moja kwa moja, mfumo unatuma picha ya ripoti kila Jumatatu asubuhi, ziangalie kwa makini. Ukiweka wewe mwenye kuona vyote ukaandika majina ya mameneja kama wapokeaji, picha inayoenda inapigwa kwa macho yako wewe uliyeiweka, sio kwa macho ya anayepokea. Kila meneja ajiwekee mwenyewe.

Jingine ni asilimia. Meneja wa Mbeya anataka kujua tawi lake linachangia kiasi gani kwenye kampuni, umeweka kipimo cha kugawa mauzo yake kwa jumla ukatumia ALL, ile fomula ya kuondoa filta, kwako inaonyesha vizuri, kwake inaonyesha 100%. Ni sahihi kabisa iwe hivyo, ALL haiwezi kuruka RLS, kwa macho yake kampuni nzima ni Mbeya. Suluhisho ni jedwali dogo la jumla linalotengenezwa wakati wa kurifreshi, yaani kuvuta data upya, mfano kama una jedwali la kalenda liitwalo Tarehe

JumlaMwezi = SUMMARIZECOLUMNS ( Tarehe[Mwezi], "Jumla", SUM ( Mauzo[Kiasi] ) )

ambalo halina tawi ndani yake na haliunganishwi na Matawi. Fikiria lakini kabla ya kuliweka. Kama mna matawi mawili tu, ukimpa mtu jumla umeshampa namba ya mwenzie, anatoa tu.

Kitu cha kufunga kolamu, mfano mishahara au bei ya kununulia, sio kazi ya RLS, hii inafunga mistari. Kolamu unaifunga kwa Object-Level Security, unaiweka kwa kutumia Tabular Editor. Angalia tu kwamba grafu inayotumia kolamu hiyo itavunjika kwa asiye na ruhusa, kwaiyo ukurasa wenye bei ya kununulia uweke kwenye ripoti ya pekee.

Mtu akiondoka kazini

Jedwali la Ruhusa linasomwa wakati modeli inarifreshi. Kwa lisensi ya Pro una rifreshi 8 kwa siku, kwaiyo ukifuta mstari wa mtu saa nne asubuhi na rifreshi ijayo ni saa nane, katikati hapo bado anaona. Mtu akifukuzwa au akihamia kwa washindani anza na akaunti yake, IT waifunge, alafu mtoe kwenye kundi la usalama, Ruhusa ndo iwe ya mwisho. Akihamishwa tawi tu, futa mstari wa zamani, ongeza mpya, bonyeza rifreshi kwa mkono.

Weka na utaratibu wa kupitia Ruhusa kila mwezi pamoja na mtu wa rasilimali watu, maana wao ndo wanajua nani bado yupo. Ukibadilisha jina la jukumu kwenye Desktop ukapablishi tena, rudi "Security" uangalie kama watu wako bado wamo.

Kama hamna lisensi za Power BI na ofisi yenu inaishi kwenye Google, Looker Studio ina kitu kinachofanana. Unahariri chanzo cha data, unachagua "Filter by email", unaionyesha kolamu yenye imeili, na anayefungua anaona mistari yenye imeili yake tu, baada ya kuingia na akaunti yake ya Google na kukubali imeili yake isomwe. Haina majukumu wala fomula, kwaiyo meneja mwenye matawi mawili lazima imeili yake iwepo kwenye mistari ya matawi yote mawili, na mstari unaotakiwa kuonwa na watu watatu unaurudia mara tatu, jambo linalovuruga jumla za bosi, yeye mtengenezee chanzo chake. Google Sheets yenyewe haina kufuli la mistari. Kuficha shiti au kuilinda isihaririwe hakumzuii mtu kutengeneza nakala ya faili zima, kwaiyo kule kila tawi liwe na faili lake, na la makao makuu liyavute yote kwa fomula ya IMPORTRANGE.